Majani Niliyoyasukuma Pembeni

Ngalula, mama,

Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la yule aliyenizaa, na tangu ulipokuwa mtoto wa mgongoni sijajua kukuita vingine. Umekwenda sokoni na mama yako kununua vya njiani, na nyumba imenyamaza. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua kuelekea Punia, kisha mbele zaidi, mpaka Kisangani, kwenye masomo yako ya lishe. Mambo ya chandarua, ya nauli, ya watu wa kuwaogopa na mahali pa kuficha simu, mama yako amekwisha kuyasema yote, tena kwa kurudia. Mimi niachie yale ambayo nikikutazama usoni nashindwa kuyasema.

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za reli. Babu yako alitoka Kasai akiwa kijana, akaifuata kazi mpaka pale reli inapoishia, hapa Kindu. Katika zile nyumba zetu mtu alijulikana kwa anachokula. Mkate, sardini, chai ya maziwa, hivyo vilikuwa vyakula vya watu wenye kazi. Majani yalikuwa ya wale waliokosa. Bibi yako alipopika matembele alikuwa anafunga dirisha, jirani wasisikie harufu. Nilikua nikiamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua hutoka upande wa ng'ambo ya mto.

Kisha nikamwoa mama yako, binti wa Kibombo, ambaye kwao mlo usio na majani si mlo. Alinipikia sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, uyoga wa msituni, na yale majani chachu ya ngai-ngai unayoyapenda wewe. Mimi nilikula bugali na samaki, majani nikayasukuma pembeni mwa sahani.

"Baba Kabeya, haya majani yamekukosea nini?" aliniuliza.

"Mimi si mbuzi."

Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, lakini hakuacha kupika.

Vita hukuiona, na mimi sitakuchorea yote. Treni ilikoma kuja. Kwa mtu wa reli, hiyo peke yake ni kama kusimama kwa moyo. Baadaye mji ukazungukwa, na mashamba yote ya pembeni yakawa mikononi mwa watu wenye bunduki. Mwanamke aliyetoka kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe aliaga kama anayesafiri. Tukala bugali ya muhogo na chumvi, halafu chumvi ikaisha. Yale majani niliyoyadharau hayakuwepo tena, hata ya kuyadharau.

Kaka yako Kabeya alikuwa bado mdogo. Miguu yake ikaanza kuvimba, nywele zikageuka rangi, naye akawa halii tena, anatazama tu. Mdogo wangu Mutombo, baba yako mdogo ambaye hukumjua, alikuwa akiishi nasi. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Asubuhi moja alisimama mlangoni na kikapu.

"Kaka, navuka muto mpaka Alunguli. Nakwenda kumutafutia mutoto matembele, na muhogo kama iko."

"Utakufa kwa ajili ya majani?" nikamwambia.

Akacheka. "Majani njo chakula, kaka. Weye tu njo hujui."

Alipanda mtumbwi na watu wengine wawili. Hawakurudi. Wengine walisema walisikia milio ya risasi, wengine walisema walichukuliwa kubeba mizigo msituni. Hatukuzika mtu, mwanangu. Hilo ndilo jambo ambalo mtu aliyefiwa kifo cha kawaida hawezi kulielewa mpaka limfike: hakuna mahali pa kwenda kusimama. Kabeya alipona, kwa sababu baadaye chakula cha msaada kilifika na mama yako hakulala. Lakini maneno yangu kwa Mutombo yalibaki ndani ya nyumba kama moshi usio na pa kutokea.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wakati wa vita sikuanguka. Nilianguka wakati wa amani.

Meli zilirudi mtoni, watu wakacheza barabarani, wanawake wakarudi mashambani wakiimba. Sisi tukavuka kuja kuishi huku Alunguli, kwenye kiwanja cha shangazi wa mama yako. Ndipo tumbo langu likagoma. Lilijaa upepo, likauma upande huu, kesho upande ule. Lilifunga siku kadhaa, halafu likanikimbiza chooni. Usingizi ulinitoka kabla ya jogoo, nikawa nakaa kitandani nikisikiliza damu yangu mwenyewe. Chakula hakikuwa na ladha. Kabeya akiniletea mpira, nilikuwa namwona kama mtoto wa jirani. Nilikula mkate mweupe na chai ya sukari, basi, na mara nyingine lotoko, ile pombe kali inayokuahidi usingizi ikakuletea maumivu ya kichwa. Majani ndiyo yalinitia kichefuchefu kabisa.

Watu wakasema nimelogwa. Mwombeaji mmoja wa kanisa alinishika kichwa mpaka shingo ikauma. Mama yako aliwaacha waombe, kisha siku moja akanifungia viatu kama mtoto, akaniambia, "Leo twende kwa muganga wa kituo cha afya. Mungu atatukuta huko pia."

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mtu wa Punia, mnene, asiye na haraka. Alinipima, akanipa dawa ya minyoo, kwa maana minyoo ilikuwepo. Halafu akavuta kiti.

"Unalala?"

"Kidogo."

"Katika vita ulipoteza nani?"

Nikakasirika. "Mimi nimekuja kwa sababu ya tumbo."

"Najua," akasema. "Njo maana nakuuliza."

Sikumjibu siku ile. Alinipa dawa nyingine, vidonge vidogo vya kutuliza huzuni, akanieleza kwamba huzuni inaweza kuwa ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na kwamba vidonge vile havifanyi kazi siku moja, vinataka subira. Akataka nirudi kila juma tuzungumze. Kisha akamgeukia mama yako, akamuuliza ninakula nini.

"Mkate na chai."

"Na majani? Maharagi? Matunda?"

"Hagusi."

"Musimulazimishe. Lakini yawepo mezani."

Mama yako alikuwa amekwisha kuanza bustani nyuma ya nyumba, ile ile unayoijua: matembele, lengalenga, dongo-dongo, ile bamia, maharagi kwenye miti, mipapai miwili. Kila siku aliweka bakuli karibu na sahani yangu, na kila siku nikalisukuma. Majuma yakapita. Jioni moja akaweka bakuli la matembele yaliyopikwa kwa mawese, na mimi nikanyoosha mkono kulisogeza. Akaushika mkono wangu.

"Haya ni ya Mutombo," akasema.

Nilimtazama.

"Alivuka mto kuyatafuta. Mutoto hakuyakula, mimi sikuyakula, weye hukuyakula. Mpaka lini yatabaki bila mutu wa kuyakula?"

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Nilichukua tonge, nikachovya, nikala. Machozi yalikuja kabla sijameza, nikala nayo. Mama yako akakaa chini karibu yangu, akala pia, na Kabeya akaja akala, yeye akidhani ni mchezo. Kilio cha mdogo wangu nilikilia siku ile, kwa mara ya kwanza tangu apotee. Juma lililofuata nilikwenda kwa muuguzi, nikamjibu lile swali lake.

Usidhani niliamka kesho yake nimepona. Ilikuwa polepole, kama maji yanavyopungua mtoni: huoni yanapokwenda, unaona tu kwamba jiwe fulani limejitokeza. Kwanza tumbo likaanza kutulia. Kisha usiku mmoja nikalala mpaka nikasikia watu wanafagia nje. Baadaye ladha ikarudi, na ya kwanza kurudi ilikuwa ile ya uchungu. Nilisikia uchungu wa sombe nikafurahi, kama mtu aliyesikia mlango wa kwake ukifunguliwa. Nikashika jembe nikamsaidia mama yako. Nikampigia Kabeya mpira. Na baada ya hapo ukazaliwa wewe, katika nyumba yenye watu wanaocheka.

Ningependa kuishia hapo. Ila kuna sehemu ya pili, na hiyo ndiyo hasa nataka uibebe, kwa sababu ya kazi unayokwenda kuisomea.

Nilipopona niligeuka mtu wa kuudhi. Nilikuwa nahubiri majani. Kila mwenye tumbo, kila mwenye huzuni, nilimwambia, "Nitazame mimi." Rafiki yangu Rashidi, huyo huyo baba Rashidi anayetuletea samaki, wakati ule alikuwa akisafirisha mizigo kwa mtumbwi toka Lokandu. Mkewe alikufa akijifungua. Rashidi akazama. Alikwenda kwa muuguzi yule yule, akapewa vidonge kama vyangu. Nami nikamkuta navyo mkononi.

"Tupa hivyo," nikamwambia. "Mimi nilipona kwa matembele. Kula majani, shika jembe, utaona."

Rashidi aliniamini. Kwa nini asiniamini? Alikuwa ameniona nikiwa gogo, sasa ananiona natembea. Akaacha dawa, akala majani. Mama yako alimpelekea mboga mwenyewe.

Haukupita muda mrefu, binti yake mkubwa akaja mbio nyumbani. "Baba Kabeya, kuya kwetu mbio. Papa ameanza kugawa vitu." Nilipofika, Rashidi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametulia mno. Wavu alikuwa amempa jirani, kasia amempa shemeji, na koti lake la sikukuu lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Aliniambia kwa upole, "Rafiki, lile koti ni lako. Watoto wangu utawaangalia?" Nikaelewa. Nilikaa naye mkekani, sikumwachia mkono, mpaka ndugu zake walipopata pikipiki, tukampeleka kituoni, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia.

Nilingoja muuguzi anifokee. Hakufoka. Alimhudumia Rashidi kwanza, akampatia mahali pa kulala na mtu wa kukaa naye. Halafu akaja nje, akakaa karibu yangu kwenye benchi.

"Majani njo mazuri," akasema. "Sitakataa hata kidogo. Lakini Baba Kabeya, weye ulikunywa dawa pia. Ulikuja hapa kuongea miezi mingi. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeviondoa vidonge katika hadithi yangu kwa sababu viliniletea aibu, na majani nikayabakiza kwa sababu yaliniletea sifa. Hadithi ikawa nzuri, na nusura imuue mtu. Tangu siku ile nikisimulia, nasimulia yote, hata mbele ya kanisa: minyoo, vidonge, maneno, jembe, matembele, na mwanamke aliyenishika mkono. Kipi kiliniinua zaidi, sijui. Rashidi alirudi kwenye dawa, akachukua muda mrefu kuliko mimi, akapona. Leo hukai naye dakika mbili bila kucheka.

Kwa hiyo mwaka jana ulipoanguka mtihani, ukakosa diploma ya sekondari, ukafunga mlango wa chumba, mimi nilikuwa nimekwisha kufunzwa. Mama yako alihesabu machozi yako, mimi nilitazama sahani yako. Bugali nzima. Mboga nzima. Chai ya sukari imekwisha. Nilisimama mlangoni kwako nikiwa na maneno mawili ulimini. La kwanza, "Acha uvivu." La pili, "Kula majani." Nikayameza yote mawili, nikakaa chini sakafuni, nikakuuliza unajisikiaje.

Ukasema, "Papa, tumbo yangu imefunga kama ngumi."

"Najua," nikasema.

Ukanitazama. "Unajua namna gani?"

Ndipo nikakuambia habari za Mutombo, ambazo nilikuwa nakuficha kwa kudhani nakulinda. Nilikuficha ugonjwa wangu kana kwamba ni wizi. Laiti ungejua mapema, pengine ungebisha hodi kwangu siku ya kwanza, usingesubiri mpaka nguo zikupwaye. Tulikwenda kituoni pamoja. Muuguzi wa zamani alikwisha kustaafu, tulimkuta yule dada kijana aliyeshika nafasi yake. Wewe hukuhitaji vidonge, ulihitaji kuongea, kulala, kutembea, na kula taratibu, na alikufuatilia vizuri. Mtihani ukaufanya tena. Ukaupata.

Na ni huyo dada aliyekuwashia moto wa masomo haya. Nakumbuka siku uliporudi toka kwake ukiwa umejaa habari, ukashika jani la ngai-ngai mezani kama mwalimu anayeshika chaki.

"Papa, ndani ya tumbo yetu kuko vijidudu vingi sana, vingine ni vizuri. Majani, maharagi, matunda, viko na vitu ambavyo sisi wenyewe tunashindwa kusaga. Hii rangi nyekundu, huu uchachu, huo uchungu wa sombe, mumea unajitengenezea ili ujikinge. Sisi tukikula, vile vijidudu vinavigeuza, vinatoa vitu vingine vinavyoingia katika damu. Na kuko mushipa murefu unatoka tumboni unafika kwenye ubongo. Tumbo na kichwa vinaongea kila siku."

"Kwa hiyo Mutombo alikuwa na haki," nikasema. "Majani njo yaliniponya."

Ukaliweka jani chini. "Labda yalisaidia, Papa. Wenye kusoma mambo hayo bado wanachunguza. Kwa watu wengine chakula kinaonekana kupunguza huzuni, kwa wengine hawaoni sana. Hakuna anayesema chakula peke yake kinatosha."

Hukujua ulivyonifurahisha. Ungesema "ndiyo", ningeogopa. Uliposema "labda", nilijua kwamba Kisangani wanampata mtu wa kumwamini. Lichunge neno hilo. Utakutana na watu watakaokuuzia unga wa majani kwenye chupa na kuapa kwamba unaondoa huzuni, na utakutana na wengine watakaocheka ukitaja sombe pamoja na dawa. Mimi nimekuwa kama hao wa kwanza, na kabla ya hapo nilikuwa kama hao wa pili. Pote nilikuwa na hakika kubwa, na pote nilikosea.

Utakutana pia na akina mama watakaokuja kwako na watoto wao au na waume wao, wakiona haya kukuambia wanakula nini, kwa sababu mtu fulani aliwafundisha kufunga dirisha kama alivyofunga bibi yako. Usiwaoneshe kwamba chakula chao ni kidogo. Waulize wanakipika namna gani, na umngoje mgonjwa ajibu. Swali nililoulizwa mimi lilichukua majuma mengi kupata jibu, na yule mtu wa Punia hakulichoka.

Juu yako mwenyewe nina ombi moja. Ile ngumi ya tumboni inaweza kurudi. Sisemi itarudi. Inaweza, hasa ugenini, katika miezi ya mitihani, mtu anapoishi kwa mkate kwa sababu ni rahisi. Ikirudi, usiione kama laana ya nyumba yetu, wala usijaribu kwanza kuwa shujaa. Mwambie mtu siku ile ile. Mwambie mganga wa hospitali. Niambie mimi, hata kwa neno moja tu, "ngumi," nami nitapanda chochote kinachotembea mpaka nifike. Mama yako atanitangulia, unamjua.

Siku hizi nikiamka mapema naenda bustanini kabla ya watu, nachuma matembele, na namtaja Mutombo kwa jina. Sina huzuni nikimtaja. Ninamweleza habari za nyumba. Leo nimemwambia kwamba binti yetu anakwenda kusomea kile alichokwenda kukitafuta ng'ambo. Nilimwambia pia kwamba Kabeya amepata mtoto huko Lubumbashi, mnene, anayelia sana.

Nawasikia mnarudi. Mama yako anagombana na mtu wa pikipiki juu ya mahali alipowashusha, na wewe unacheka, kicheko kile cha kuinama. Mwaka jana nyakati kama hizi ningetoa nini nikisikie!

Siku ya kwanza Kisangani, kabla hujatandika kitanda, mtafute mwenzako mmoja ambaye naye amefika peke yake. Pikeni kitu pamoja, chochote mtakachopata, mle kwenye sahani moja. Ukimaliza, tupigie simu utuambie anaitwa nani.

Papa wako